Mhariri, kiangazi cha huku kwetu sio jasho, ni ngozi kupauka

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Wa Iringa na Njombe kamwene, wa Rungwe na Kyela ugonile, wakubwa wote shikamooni. Naenda moja kwa moja maana najua barua ndefu mnazikata, na hii itakuwa ndefu.

Juzi kwenye ukurasa wa afya mmeandika namna ya kutunza ngozi kipindi cha kiangazi. Nimeisoma yote nikiwa kwenye kibanda changu cha vipodozi hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimevaa masweta mawili na kitenge nimejifunga juu yake. Mnasema tuoge mara tatu kwa siku kwa sababu ya jasho, tupunguze mafuta ya kupaka yasizibe vitundu vya ngozi, tujipake poda, tunywe maji mengi. Jasho lipi jamani? Huo ni ushauri wa mtu wa Kariakoo mwezi wa pili, na kwake yeye ni mzuri tu sibishi, ila mtu wa Uyole au wa Mafinga akiufuata mwezi huu wa saba atapasuka mpaka mgongo.

Ngoja niwaeleze kiangazi cha huku Nyanda za Juu Kusini kilivyo maana naona waandishi wengi mko huko chini. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili, mwaka mwingine inagusa Mei, ikikata imekata, ukiacha Tukuyu ambako mawingu yanawapenda kuliko sisi (hao waniache kwanza). Juni na Julai ni baridi, usiku inashuka chini ya nyuzi 10, kule Makete unaweza kuamka ukakuta sakitu, ule umande ulioganda kama barafu, juu ya majani ya viazi. Agosti upepo, na wa Makambako ndo usiseme, mpaka watu wakafikiria kuweka mitambo ya umeme wa upepo pale. Alafu Septemba na Oktoba mpaka mvua ije ni jua kali na vumbi jekundu. Kwahiyo ni kama miezi sita hivi ambayo hewa iwe ya baridi iwe ya joto, ni kavu tu. Mtu wa pwani hata Januari akichemka hewa yake imejaa unyevu wa bahari, anaweza asipake kitu siku mbili na asipauke. Huku maji yanatoka kwenye ngozi hata ukiwa umekaa umetulia, jasho huoni wala nini, yanapotelea hewani, upepo nao unayaharakisha, ukilala usiku unajikuna mapaja na miguu mpaka unaamsha mwenzio.

Mkitaka ushahidi njooni vyuoni mwaka wa kwanza wakiripoti. Watoto wa Tanga na Zanzibar wanafika MUST hapa au Mkwawa kule Iringa mvua bado haijashuka, wiki haijaisha midomo imechanika na mikono imekuwa myeupe. Wananijia kibandani wamefunika mdomo kwa kiganja, mama naomba dawa ya fangasi. Sio fangasi mwanangu, ni Mbeya.

Sasa tuje kwenye kuoga maana hapo ndo ugomvi wangu na ukurasa wenu ulipo. Kwenye baridi kila mtu anataka maji ya moto, na sio vuguvugu, ni yale ya kutoa mvuke bafu zima, mtu anatoka humo anafuka kama ugali. Raha ipo sikatai. Lakini ngozi ina mafuta yake ya asili ndo yanayozuia maji ya ndani yasitoke, na maji ya moto sana yanayaondoa, ukiongeza sabuni ndo umemaliza kabisa. Na sabuni zenyewe huku tunazotumia! Wengi tunaogea ile ya mche ya kufulia, tunajisugua nayo kuanzia shingoni mpaka unyayo, alafu tunachukua dodoki tunasugua tena, tukisikia ngozi inavuta tunasema sasa nimetakata. Ile kuvuta sio kutakata, ni mafuta yameisha. Maji ya vuguvugu yanatosha, dakika tano kumi zinatosha, sabuni ya kuogea iliyo laini, na povu lipeleke kwapani, sehemu za siri na miguuni ambako ndo kuna harufu. Mikono na mapaja ya mtu aliyekaa ofisini siku nzima na sweta hayana uchafu wa kusuguliwa na dodoki. Kuoga mara moja kwa siku mwezi wa saba sio uchafu, na mama mkwe akisema lolote mpeni gazeti asome.

Baada ya hapo ndo penyewe, hapa naomba msikate. Wateja wangu wengi wanaoga, wanajifuta mpaka wanakauka kau, wanavaa, wanakunywa chai, wanakumbuka mafuta wakiwa wanatoka mlangoni, wanajipaka usoni na viganjani basi. Wanarudi kwangu wanalalamika mafuta yako hayafanyi kazi. Mafuta ya kupaka kazi yake kubwa sio kuleta maji, ni kuyazuia yaliyopo yasitoke. Ukipaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa umefunika sufuria tupu. Unatakiwa ukitoka kuoga ujiguseguse na taulo tu, ngozi ibaki na unyevu, hapohapo bafuni kabla hata ya kuvaa upake mwili mzima, ndani ya dakika tatu hivi. Kopo likae bafuni, sio kwenye meza ya kioo chumbani. Nimewaambia watu wengi hili moja tu bila kuwauzia kitu kipya na wamerudi kunishukuru, biashara inapungua lakini ndo hivo.

Na mafuta gani? Mi nauza ya kila bei na nawaambia ukweli, kwa ukavu wa huku mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato yanazishinda losheni nyingi za bei mbaya. Losheni ina maji mengi ndani yake ndo maana inateleza vizuri na inaingia haraka, inafaa Dar, huku kwenye upepo saa mbili tu umeshapauka tena. Krimu nzito iko katikati. Wapo wanaoyaogopa mafuta ya mgando kwa sababu wamesikia yanatokana na petroli. Ni kweli yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, Mmarekani mmoja Robert Chesebrough aliyatoa kwenye masalia ya visima vya mafuta akayachuja na akapata hataza yake 1872, toka hapo dunia nzima inapaka, na yakiwa yamesafishwa vizuri hata mtoto mchanga anapakwa. Kasoro yake ni kunata, vumbi linaganda usoni kama unatembea barabara ya mchanga, kwahiyo usoni paka kidogo sana mchana na usiku jimwage.

Gliserini nayo ina matatizo yake sio kwa ubaya wake bali tunavyoipaka. Ile chupa ndogo ya bei ya soda watu wanaimimina kiganjani mbichi wanajipaka uso mkavu, wanasikia inachoma alafu wanasema inafanya kazi. Gliserini inavuta maji. Kama hewa ina unyevu inavuta kutoka hewani, sawa, lakini hewa yetu ya Agosti haina cha kuvutwa, kwahiyo inayavuta ya ndani ya ngozi yako mwenyewe. Ichanganye na maji safi, au ipake mwili ukiwa bado una maji, juu yake uweke mgando. Hapo ni nzuri kupita kiasi, na ni rahisi.

Mafuta ya alizeti yale ya kukamua ya Iringa watu wananiuliza sana. Yanafaa, yana asidi ya linoleiki ambayo ngozi inaihitaji kujenga utando wake, sema ya kienyeji hayajachujwa yana harufu, ukipanda daladala kila mtu anajua umejipaka nini, na shuka linaingia madoa ya njano. Ya nazi pia sawa. Parachichi la kuponda na kujipaka usoni, kwa kweli Rungwe na Njombe yamejaa na mengine yanaozea chini, lakini mi naona bora ulile na chumvi.

Kuhusu kunywa maji. Kunyweni, ni afya, nani anakataa, na kwenye baridi tunasahau kweli maana kiu haiji. Ila acheni kuwaambia watu ngozi iliyopasuka kwa upepo itapona kwa glasi za maji. Mtu anakunywa mpaka anashinda chooni na miguu bado myeupe, kwa sababu tatizo liko juu kwenye ngozi, halipo tumboni.

Wanaume nao niwaseme kidogo. Kijana wa bodaboda anakuja, mikono imekakamaa, vidole vimechanika pale kwenye viungo mpaka damu, anaangalia kushoto na kulia ananiambia kwa sauti ya chini naomba mafuta ya mtoto. Mtoto ana miezi mingapi? Anacheka. Nampa. Mwenzangu unashika usukani kuanzia saa kumi na moja alfajiri kutoka Mbalizi mpaka Uyole na baridi ile, vaa glovu, hata zile za pamba za ujenzi, na ngozi ya mwanaume inakauka kama ya mwanamke tu. Vilevile mama ntilie na wanaofua nguo za watu, sabuni ya unga ndo adui yenu namba moja, glovu za mpira kama unaweza, kama huwezi basi kila ukitoka kwenye beseni osha povu liishe, futa, paka, hata kama utarudi kwenye beseni baada ya nusu saa. Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe mikono yao naijua, wale wanahitaji kopo lao shambani kabisa sio nyumbani.

Miguu sasa. Magaga ya kipindi hiki mtu anaweza kuchana shuka. Kisigino kinapasuka kwa sababu ngozi ya pale ni nene na haina tezi za mafuta kabisa, sa ikikauka haina ujanja, uzito wako unakiminya kinapanuka kinapasuka, na malapa ya wazi ndo yanazidisha. Watu wanachukua wembe wanakata pembeni, wembe! Nimeona mtu kajikata mpaka nyama. Fanya hivi: jioni loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu kama dakika kumi na tano, sugua taratibu na jiwe la miguu wakati ngozi imelainika, futa, paka mgando mwingi wakati miguu bado ina unyevu, vaa soksi za pamba ulale nazo. Asubuhi utajishika utashangaa, ila usiishie siku moja, ni kila usiku mpaka mvua ije. Kama ni sugu sana famasi wana krimu zenye yurea, ulizeni zile za asilimia 10 kwenda juu, zinalainisha ile ngozi nene.

Lakini mwenye kisukari asifanye mambo ya wembe wala jiwe la nguvu wala kuloweka miguu muda mrefu. Mguu wa mtu mwenye sukari unaweza kuwa umekufa ganzi hausikii maumivu wala moto wa maji, ufa mdogo wa kisigino unaingia vijidudu, yeye hajui, mpaka nyumba inanuka ndo wanagundua kidonda, na huko ndo miguu inakatwa. Apime maji kwa kiwiko au mtu mwingine amshikie, aangalie nyayo zake kila jioni kwa kioo au mjukuu amuangalizie, apake mafuta lakini sio katikati ya vidole maana pale pakibaki na unyevu panaota fangasi, akiona ufa unatoa maji au damu aende kituo cha afya siku hiyohiyo asisubiri gulio.

Kuna kitu kingine ambacho sijawahi kuona gazeti limeandika. Bibi zetu wa Makete, Ludewa na Njombe wanaoota moto jikoni toka asubuhi, muangalieni miundi ya miguu, ina michirizi myeusi kama wavu. Wengi wanadhani ni uzee au karogwa. Ni joto la moto limepiga sehemu moja miaka na miaka, ngozi inakauka na inabadilika rangi, na pakitokea kidonda pale kisichopona ni pa kuonyesha kwa daktari. Asogeze kigoda nyuma kidogo, ajifunike kitenge miguuni. Na wale wa mjini mnaoingiza jiko la mkaa chumbani mnafunga madirisha ili mpate joto, huko sio ngozi tena, ile hewa ya mkaa inaua familia nzima usingizini.

Watoto nao mashavu yanapasuka mpaka yanakuwa na vigamba, na midomo. Mtoto akisikia mdomo mkavu anaulamba, mate yakikauka mdomo unakauka zaidi, analamba tena, baada ya wiki ana duara jeusi kuzunguka mdomo kama kanywa uji mweusi na wenzie wanamcheka. Kumpiga haisaidii. Mpake mgando mdomoni na hilo duara lote kabla ya kwenda shule, mchana kama ana mwalimu mwenye huruma, na usiku kabla ya kulala. Sweta la sufu la mtumba lisikae moja kwa moja kwenye ngozi, mvalishe fulana ya pamba ndani. Akiwa anajikuna kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti mpaka usiku halali, hiyo sio ukavu tu wa upepo inaweza kuwa pumu ya ngozi, apelekwe hospitali.

Mkorogo. Hili naliandika nikijua majirani zangu wa sokoni watasoma. Kipindi hiki watu wakipauka wanadhani wamekuwa weusi, wanakuja kutafuta cha kung'arisha, na wapo wanaowapimia kwenye vikopo visivyo na lebo, vimechanganywa hakuna anayejua na nini. Humo kuna steroidi zinafanya ngozi inakuwa nyembamba mishipa inaonekana, kuna haidrokwinoni ya kung'arisha, kuna na zebaki inayoingia mwilini mpaka kwenye figo, na vyote hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Ngozi iliyokonda namna hiyo ikikutana na jua la Oktoba la huku juu inaungua. Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na kila ukipanda mita 1,000 miale ile inayounguza inaongezeka kama asilimia 10, kwahiyo msidanganywe na baridi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, sio tena TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kopo lisilo na lebo wala tarehe ya mwisho msinunue hata kwangu.

Na hapohapo kwenye jua, ndugu zetu wenye ualbino kiangazi cha huku kinawaumiza kuliko sisi sote, mgando hauzuii jua hata kidogo, wao wanahitaji mafuta maalumu ya kuzuia jua. Yapo yanayotengenezwa hapahapa nchini, Moshi pale hospitali ya KCMC, yanaitwa Kilisun. Waulize kliniki ya ngozi au chama chao, wavae na kofia pana na mikono mirefu.

Sa ninachoomba kwenu Mhariri ni viwili. Kwanza ukurasa wa afya ukiandika habari ya majira muangalie nchi nzima, muwapigie hata madaktari wa ngozi wa huku waseme, hospitali ya rufaa ya kanda ipo hapa Mbeya sio lazima kila kitu mumuulize mtu wa Dar, na iandikwe Mei kabla watu hawajapasuka isiandikwe Julai. Pili ni kwa wakuu wa shule za bweni mnaosoma hili gazeti. Fomu ya kujiunga inataka jembe, fyekeo, ndoo, rimu ya karatasi, mpaka ufagio wa chelewa, sijawahi kuona imeandikwa kopo kubwa la mafuta ya mgando na soksi pea mbili za kulalia. Watoto wanaoga maji ya baridi kali saa kumi na moja na sabuni ya mche, wanakaa darasani wanajikuna, mwalimu anadhani ni upele anawapeleka kunyolewa. Ongezeni mstari mmoja tu kwenye fomu, mzazi aliyenunua fyekeo hatashindwa kopo.

Mkikosa nafasi ya kuichapa yote kateni habari ya yule Mmarekani na ya bodaboda, hata ya mkorogo nitavumilia nitawaambia mwenyewe hapa sokoni. Ya kisukari msiiguse.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza vipodozi wa rejareja,
Mwanjelwa, Mbeya.